Hoteli Iliyotuharibia Mpango wa Kuachana

Kwako Ndugu Meneja,
Hoteli ndogo ya ufukweni, yenye geti la bluu lisilofungwa.

YAH: MALALAMIKO YA MTEJA ALIYEKUJA KUACHANA NA MKE WAKE AKASHINDWA KWA UZEMBE WA HOTELI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa. Nasema umekaa kwa sababu najua ofisini kwako kuna kiti. Nilikiona kupitia dirisha, nikakitazama kwa muda mrefu, nikaondoka zangu.

Mimi ni yule mgeni wa chumba cha mwisho ghorofani, mwembamba, mwenye kofia pana, niliyekuwa nikifuatana na mama mmoja mfupi anayecheka kwa sauti. Mama huyo ni mke wangu. Kufikia leo alitakiwa awe aliyekuwa mke wangu, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Kwa kuwa hatufahamiani, naomba nijieleze. Nilikuwa mpima ardhi mpaka nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kugawanya mashamba ya ndugu walioshindwa kuelewana. Nimewagawia watu walioshikana mashati asubuhi, na kabla jua halijawa kali kila mmoja akaondoka na kipande chake na mawe yake ya mpaka. Siri ya kazi hiyo ni moja, nami nakupa bure: wanaogawana wasikae pamoja. Mmoja asimame kona hii, mwingine kona ile, na katikati awepo mpima. Ukikosea ukawaweka kwenye benchi moja, wataanza kuulizana habari za watoto, mmoja atamwambia mwenzake mbona umekonda, mwingine atatoa leso, na siku hiyo hakuna atakayeweka sahihi. Nimeshuhudia migogoro mizuri kabisa, iliyokomaa, ikifia kwenye benchi. Mke wangu ameisikia kanuni hii nikiirudia mezani mara nyingi kuliko alivyosikia nikimwita jina lake.

Sisi wawili hatukugombana. Hapakuwa na mtu wa tatu, wala ulevi, wala aliyemrushia mwenzake sufuria. Maneno yalituishia tu. Binti yetu wa mwisho alipoolewa akaondoka, nyumba ilibaki na redio yangu sebuleni na cherehani yake chumba cha nyuma, na hivyo vitu viwili ndivyo vilivyokuwa vikizungumza. Siku moja, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, mke wangu akasema, "Mimi naona niwepo nisiwepo ni mamoja." Nikamjibu kwamba kama ndivyo alivyoamua, sawa, tulifanye kwa utaratibu. Akanitazama, kisha akaendelea na uzi wake. Dada yake akamtayarishia chumba. Mimi nikawapigia simu watoto, wajomba na mashangazi, nikawaarifu mmoja mmoja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Tulikubaliana tusigawane vitu nyumbani, maana majirani zetu wana masikio marefu. Ndipo nikaona tangazo lenu: hoteli ya kawaida, mahali patulivu, mandhari ya bahari. Nilipiga simu mwenyewe. Niliagiza chumba kimoja chenye vitanda viwili, viti viwili kwenye roshani, kila kimoja upande wake, na funguo mbili, ili kila mmoja atoke na kuingia kwa wakati wake. Dada wa mapokezi akanijibu, "Ondoa shaka, baba, vyote vipo." Nikaondoa shaka. Laiti ningejua, ningekuja nayo. Yaliyotupata naomba niyaorodheshe.

1. UTULIVU. Mlitangaza utulivu, na kwa bahati mbaya hamkusema uongo. Nimelala katika hoteli nyingi za kikazi ambako jenereta linanguruma mpaka mtu unaweza kumwambia mwenzako jambo zito likapita bila kuumiza mtu. Kwenu nilimsikia mke wangu akikunja kitenge. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kufungulia kikao, yenye heshima, yasiyomlaumu mtu. Katika ule ukimya yalisikika kama hotuba ya mgeni rasmi. Nilipofika katikati nikakwama, naye akasema, "Endelea, nakusikia." Ndugu Meneja, nyumbani kwetu neno tulilozoea kuambiana ni "Nini?" Hili la "nakusikia" sikuwa nimejiandaa nalo. Kikao kiliahirishwa.

2. KITI. Tulipoingia chumbani niliviona viti viwili kwenye roshani, kila kimoja upande wake, kama nilivyoagiza. Nikafurahi, nikaingia kuoga. Nilipotoka kulikuwa na kiti kimoja. Nilishuka kuuliza, na dada wa mapokezi, bila kunitazama usoni, akasema, "Kile kingine kimekwenda kwa fundi, baba. Kina mguu mbovu." Nilikuwa nimekiona kile kiti dakika chache tu nyuma. Miguu yake ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Nikapanda juu. Mke wangu amesimama ameshika ukingo wa roshani, kiti kipo katikati, hakina mwenyewe. Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Nikae mimi, mama wa watoto wangu asimame? Nilikuja kuachana, sikuja kukosa adabu. Nikamwambia akae, nikasimama. Nilisimama mpaka giza likaingia, nikisingizia kwamba ukutani kuna upepo mzuri. Hakukuwa na upepo wowote.

Kesho yake hali ikawa mbaya zaidi. Mke wangu akaanza, "Njoo ukae na wewe, miguu itakuvimba." Nikakaa kidogo, nikainuka, nikamrudishia. Akakaa kidogo, akanirudishia. Kiti cha zamu, Ndugu Meneja, ni kiti cha maneno. Hamwezi kupokezana kitu bila kusemezana: zamu yako, hapana bado, basi kaa, mgongo vipi, ule mgongo bado unakusumbua, kumbe unasumbua tangu lini, mbona hukuniambia. Asubuhi nzima iliyotengwa kwa ajili ya kabati la nguo ilikwenda kwenye mgongo. Mwishowe tulichoka wote wawili, tukakiacha kiti peke yake, tukakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wa roshani, bega kwa bega. Mimi, mtu wa kazi yangu, nikajikuta kwenye benchi.

3. UFUNGUO. Ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama mchi, ili mtu asiusahau mfukoni. Wa pili ulikuwa "unatafutwa". Nilipouulizia asubuhi uliendelea kutafutwa, na nilipouulizia jioni dada wa mapokezi aliniambia, "Bado tunautafuta, baba, usichoke." Nilichoka. Mke wangu anapenda kutembea asubuhi. Akiondoka na ufunguo, mimi nabaki nje nimekaa kwenye ngazi kama mzigo uliokosa mwenyewe. Akiniachia ufunguo, yeye ndiye anayerudi akabaki nje. Ikabidi tufuatane.

Hapa naomba nigusie na bahari yenu. Nilidhani angalau kutembea ufukweni kutanituliza kitaaluma, nikachomeka kijiti mahali maji yalipoishia ili nipate pa kuanzia kupima. Tuliporudi kijiti hakipo na maji yamefika kwenye mawe. Bahari inayohamahama namna ile haifai kuwekwa mbele ya watu wanaotaka kukata shauri. Mke wangu alisema, "Leo umepata wa kukuzidi ubishi." Nikacheka kabla sijajizuia. Narudia, nilicheka bila kukusudia.

4. FENI NA MPAKA. Kuona mambo yanakwenda kombo, nilirudi kwenye fani yangu. Huwa natembea na chaki, ni mazoea ya kazi. Nikachora mpaka sakafuni, kutoka dirishani hadi mlangoni, mstari ulionyooka ambao mwanafunzi wangu yeyote angejivunia. Upande wa mke wangu: kitanda chake, kioo, na feni ya ukutani. Upande wangu: kitanda changu, mlango, na swichi ya feni. Sijui fundi wenu wa umeme alikuwa na mawazo gani, ila ni wazi hajawahi kuona watu wakigombania mpaka. Kila joto lilipozidi, mke wangu ilibidi aniombe niwashe. Nikiwasha, upepo wote unakwenda kwake, mimi natoka jasho kwa adabu. Basi akasema, "Sasa utakufa na joto huko kwa ajili ya mstari? Vuta kitanda." Nilivuta kitanda. Naomba ieleweke kwamba nilivuta kwa sababu za kiafya.

Asubuhi mfanyakazi wenu wa usafi akapiga deki, akaufuta mpaka wote bila kuuliza wala kutoa notisi. Mashambani mtu akihamisha jiwe moja tu anapelekwa mbele ya sheria. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sikugundua kwamba mpaka umefutwa. Niliambiwa na mke wangu, jioni, tukiwa tumekaa juu ya mahali ulipokuwa.

5. TAA YA MEZANI. Ukumbi wenu wa kulia una taa moja, nayo inawaka kwa kujilazimisha. Macho yangu si ya zamani. Siku ya kwanza mlipoleta samaki nilimwita mpishi, yule mnayemwita Mama Pole kwa kuwa neno hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo. Nikamwambia mama, humu sioni miiba. Akasema, "Pole." Akaenda zake jikoni.

Mke wangu alivuta sahani yangu, akaanza kutoa miiba, mmoja mmoja, akiipanga pembeni ya sahani yake. Alifanya hivyo bila kuombwa, akiwa anaongea habari za pazia lenu la ukumbini, ambalo anasema pindo lake limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. (Yeye ni fundi cherehani, pindo baya humnyima usingizi.) Nikamtazama mikono. Alinitolea miiba namna hiyohiyo miaka ile nilipoumwa macho, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kuumwa macho. Nikala. Sasa nakuuliza wewe kama mfanyabiashara: mtu atamwambiaje "tuachane" mwanamke ambaye vidole vyake vinanuka samaki kwa ajili yake? Taa ya kawaida tu ingezuia hayo yote.

6. TANGI. Hili ndilo zito kuliko yote, na ukitaka kusoma moja tu basi soma hili.

Karibu na mwisho wa safari nilipiga moyo konde. Nikamwambia mke wangu leo tunagawana, hata kama ni kwa kupokezana kiti. Akakubali. Tukaenda vizuri: kabati lake, redio yangu, cherehani yake, meza ya kulia yangu, vyombo vyake. Sauti zetu zilikuwa za kiofisi kabisa. Tukafika kwenye tangi la maji.

Lazima nikueleze habari za hilo tangi. Mwaka ambao mabomba ya mtaani kwetu yalikauka, tulijinyima tukanunua tangi kubwa. Mwenye mkokoteni alipoliona akasema hilo ni nyumba, si mzigo, akaondoka. Tukaamua kulisukuma wenyewe likibingirika barabarani. Tulipofika kwenye mteremko likanitoka mikononi. Mke wangu akalikimbilia, akalipita, akawa anakimbia mbele yake akipiga kelele, "Pisheni! Tangi! Pisheni!" Watu wakapisha. Magari yakapisha. Askari wa barabarani akasimamisha msafara mzima, akalipigia tangi saluti. Mke wangu alipoona halisimami akavua kiatu akalirushia, kana kwamba ni mbuzi. Liliishia kwenye ukuta wa ofisi ya serikali, zima, na kiatu siku hiyo hatukukiona. Tulikikuta miezi mingi baadaye, ndani ya tangi, baada ya kuyanywa maji yake kwa raha zetu zote.

Basi nikasema, "Tangi la maji." Nikarudia, "Tangi la maji, nani?" Mke wangu akakaza uso. Akajaribu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Pisheni," na hapo tukaharibika. Tulicheka tukavunjika mbavu. Yeye alianguka kutoka kwenye kile kiti chenu kimoja. Mama Pole alikuja mbio akidhani kuna msiba, akatuona tuko sakafuni, akasema, "Poleni." Tukaanza upya.

Kicheko kilipokwisha, ile bahari yenu ilikuwa palepale, pana, haina haraka, haina kazi nyingine ila kutazamwa. Chumba chenye ukuta mbele kingetupa mahali pa kuficha uso. Nikamwambia mke wangu jambo ambalo sitaliandika humu, kwa kuwa wewe ni meneja tu. Naye akanijibu. Tulirudi nyumbani na mali yetu yote, haijagawanywa hata kijiko.

7. HASARA NA MADAI. Aibu niliyonayo siwezi kuipima, mimi niliyepima kila kitu. Shemeji yangu ana chumba kitupu, amekipaka na rangi. Watoto wananipigia wakiuliza tumefikia wapi. Mjomba ananiuliza neno moja tu, "Kwa hiyo?" Siwezi kuwaambia watu wazima kwamba nimeshindwa kwa sababu ya swichi ya feni. Kwa hiyo nadai mambo yafuatayo.

Kwanza, nipewe cheti chenye muhuri wa hoteli, kinachothibitisha kwamba kutoachana kwetu kumesababishwa na upungufu wa samani na vifaa, na kwamba mteja alifanya kila awezalo. Nitakitoa nakala kwa ukoo.

Pili, mrekebishe tangazo lenu, chini ya yale maneno ya mandhari ya bahari, muongeze kwa herufi zinazosomeka: Wanaokuja kuachana wanaingia kwa hiari yao.

Tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri, hoteli iwajibike kwa kilichoanzishwa na hoteli. Tumerudi nyumbani kwetu, ambako kuna viti sita na kila mtu ana ufunguo wake. Taa zinawaka vizuri, samaki namwona hadi mkia. Wiki ya kwanza tuliongea. Halafu kukawa na habari muhimu redioni nikaifungua kidogo, na yeye akapata oda ya sare za shule. Jana nilikula sebuleni, yeye akala chumba cha nyuma akimalizia kola. Nilimwita, cherehani ilikuwa inalia, hakunisikia, nikaacha. Naogopa, Ndugu Meneja. Sijawahi kuliandika neno hili katika barua ya kiofisi. Mlichukua mambo yaliyokuwa yamekwisha mkayaanza upya, halafu mkatupa bili na kutuaga mlangoni. Hiyo si biashara. Sasa ninacho cha kupoteza, ambacho nilipofunga safari kuja kwenu sikuwa nacho.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi. Nisalimie dada wa mapokezi, mwambie aendelee kutafuta. Msalimie Mama Pole, na huyo wa deki, na yule fundi anayetengeneza kiti ambacho hakijaharibika. Mke wangu naye anawasalimia nyote, ingawa hajui kwamba naandika malalamiko. Nitampa asome akimaliza kola.

Wako, niliyesimama kwa ajili yenu,
Mpima Ardhi Mstaafu,
Chumba cha mwisho, ghorofani.

TANBIHI. Ndugu Meneja, anayeandika hapa ni yule mama mfupi. Mume wangu amenipa barua hii niangalie kama ina makosa, kisha ametoka kwenda kununua bahasha. Makosa yapo, naomba niyasahihishe.

Tafadhali usimgombeze dada wa mapokezi. Kiti cha pili nilimwomba mimi akiondoe, mume wangu alipokuwa bafuni. Alikataa kwanza, akasema baba ameagiza viwili kwa simu. Nikamwambia mwanangu, nisaidie, kuna jambo nataka kuliona. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya soksi. Nauweka humu kwenye bahasha, samahani kwa kuchelewa. Taa ya mezani sikuigusa. Hiyo ni yenu, itengenezeni.

Yale maneno niliyoyasema nikitunga uzi yalikuwa swali. Alinijibu kama anayegonga muhuri, nami kwa hasira nikanyamaza. Ile kanuni yake ya benchi naijua kwa moyo. Kabla sijahamia kwa dada yangu nilitaka kuona, kiti kikiwa kimoja, atakaa nani.

Cheti msijisumbue nacho. Leo asubuhi, yeye akiwa anaandika, nimempelekea dada yangu viti vitano, vimejaa vizuri kwenye kile chumba chake kilichopakwa rangi. Nimebakiza kimoja, nimekiweka katikati ya sebule, na redio nimeizima. Cherehani nimeifunika.

Namsikia anafungua geti. Bahasha nitaifunga baadaye, ngoja nikasimame.